Kuivisha bahasha kanga: mwongozo wa sanaa ya posta kwa watu wa Mtwara na Lindi

Bahasha ya kawaida ikifika kaunta ya posta inapimwa, inagongwa muhuri, inarushwa kwenye sanduku la barua zinazotoka. Iliyopambwa, mkono wa karani unasita kwanza. Msimu uliopita, mikorosho ikiwa kwenye maua, nilipeleka moja yenye pindo la korosho nyekundu na nyeusi. Dada wa kaunta aliishika kwa pembe mbili asiipake jasho, akasoma kwa sauti, "Barua ni nusu," akaigeuza, akamalizia, "ya kuonana." Akamwita mwenzake aje aone. Halafu akaniuliza, "Kaka, stempu tuziweke wapi zisiharibu?"

Bahasha ile ilikuwa inakwenda Nachingwea kwa mdogo wangu. Haijavuka hata mlango, na tayari watu wawili wameshaisoma na kuifurahia. Sanaa ya posta ndiyo hiyo: picha inayosafiri uso wazi, inayopita mikononi mwa watu wasiojuana mpaka imfikie mwenyewe. Haihitaji ukumbi wala fremu. Inahitaji karatasi, gundi, stempu halali, na anwani inayosomeka. Hilo la mwisho nitalirudia mara kadhaa, kwa sababu ndipo wengi tunapokwama.

Watu wameucheza mchezo huu kwa muda mrefu. Mwingereza mmoja, W. Reginald Bray, alinunua kitabu cha kanuni za posta ya Uingereza mwaka 1898 akaanza kuzijaribu moja baada ya nyingine. Alituma kofia, pampu ya baiskeli, fuvu la sungura, hata mwani mkavu, vyote bila kufungwa kwenye karatasi, na mwaka 1900 alijituma yeye mwenyewe nyumbani kwake kwa mkono wa tarishi. Baadaye akaja Mmarekani Ray Johnson (1927 hadi 1995). Yeye aliwatumia marafiki michoro na vipande vya magazeti akiwaomba waongeze kitu kisha wairudishe au waipitishe mbele. Kundi hilo likaitwa New York Correspondance School, na ile herufi a katikati imewekwa kwa makusudi mahali pa e, ili neno la Kiingereza la kucheza dansi lijitokeze ndani ya neno la kuandikiana. Mwaka 1970 jumba la makumbusho la Whitney, New York, lilifanya onyesho la vitu ambavyo watu walikuwa wametuma kwa njia hiyo.

Kwetu pwani, kutuma ujumbe kwa kitu kinachoonekana na kila mtu si jambo geni. Kanga imekuwa ikifanya hivyo tangu karne ya 19: pindo linazunguka, mji uko katikati, na jina liko chini ya mji kwa herufi kubwa. Mtu anapita sokoni na ujumbe mgongoni, wote wanausoma, ila mlengwa ndiye anayeuelewa barabara. Nilipogundua kwamba uso wa bahasha una umbo lilelile la mstatili, kazi yangu yote ilibadilika. Tangu hapo sipambi bahasha ovyoovyo. Naivisha kanga.

Kwanza, bahasha yenyewe

Unaweza kununua bahasha nyeupe steshenari, lakini ya kutengeneza mwenyewe ina raha zaidi na inavumilia kazi. Chukua bahasha moja ya dukani, ifungue gundi zake taratibu, ilaze ikiwa imetanuka yote, kisha itumie kama kiolezo. Iweke juu ya karatasi nyingine, pitisha penseli pembeni, kata, kunja palepale ilipokunjwa ya kwanza.

Karatasi za kufaa ziko majumbani. Kalenda ya mwaka uliopita ni nzuri sana: picha inakwenda nje, upande mweupe unabaki ndani wa kuandikia salamu. Ubaya wake ni kwamba inateleza, na wino wa muhuri wa posta haukauki upesi juu yake. Mimi napenda zaidi mfuko wa saruji wa karatasi. Fungua tabaka zake, acha la ndani lililogusa saruji, chukua la katikati. Likung'ute nje, lipanguse kwa kitambaa kikavu pande zote mbili, lilaze chini ya godoro usiku mmoja linyooke. Ni karatasi ngumu, haichaniki kwenye gunia la posta, na rangi yake ya kaki inapokea wino mweusi vizuri mno.

Vipimo havina mjadala. Kwa barua ndogo inayovuka mipaka, Umoja wa Posta Duniani unataka bahasha isipungue sentimita 14 kwa 9, isizidi 24.5 kwa 16.5, isiwe na unene wa zaidi ya milimita 5 wala uzito wa zaidi ya gramu 100. Zaidi ya hapo haikataliwi, inahesabiwa kuwa barua kubwa na malipo yanapanda. Karatasi moja ya A4 ya kawaida, ile ya gramu 80, ina uzito wa gramu 5. Kwa hiyo karatasi tatu pamoja na bahasha nyepesi unakuwa umekaribia gramu 20, na kila nakshi unayobandika inaongeza. Pima dukani kwenye mzani wa kidijitali kabla hujafunga.

Gundi nyeupe ya dukani inatosha. Nikikosa napika ya muhogo: kijiko kimoja cha unga, vijiko vitano vya maji baridi, koroga mpaka madonge yaishe, kisha bandika kwenye moto mdogo bila kuacha kukoroga. Mwanzoni ni maji meupe. Ghafla, ndani ya dakika moja hivi, inageuka kuwa nzito na angavu, na kijiko kinaacha mfereji kinapopita. Ipua hapohapo. Paka nyembamba kwa kidole, bandika, weka kitabu kizito juu. Usiiache bahasha ya gundi hii kabatini kwa siku nyingi, mende wanaipenda. Niliwahi kuweka tatu juu ya rafu siku nne nikisubiri siku ya kwenda mjini, nikakuta vifuniko vyake vimetafunwa kingo zote.

Gawa uso kabla hujagusa rangi

Hapa nenda polepole. Chukua rula na penseli.

Kona ya juu kulia ni ya stempu na muhuri. Pima sentimita 4 kushuka kutoka ukingo wa juu na sentimita 7.4 kutoka ukingo wa kulia, chora mstari mwepesi, na usiingie humo na kitu chochote. Sehemu ya anwani iwe chini ya mstari huo wa sentimita 4, ikiachana na ukingo wa kulia kwa sentimita moja na nusu, na ukingo wa chini vilevile. Anwani ilale sambamba na upande mrefu wa bahasha. Kilichobaki, yaani kushoto kote, juu kushoto, na mgongo mzima, ni mali yako.

Sasa vaa kanga. Pindo lipite kushoto na juu, liishie pale penye kona ya stempu, na upande wa kulia liwe jembamba sana. Mji ni kisanduku cheupe cha anwani. Ukiipamba kaki, kata karatasi nyeupe ubandike, anwani ikae juu yake. Macho yanavutwa na weupe katikati ya rangi, kwa hiyo pambo lenyewe linamwelekeza mtu wa posta mahali pa kusoma.

Jina ndilo lenye mtihani. Kwenye kanga liko chini, na kwa barua ya Mtwara kwenda Lindi au Dar es Salaam nalitia hapohapo kwa herufi ndogo. Lakini barua ya nje, hasa Ulaya na Marekani, inapita kwenye mashine zinazochapa mistari ya msimbo kwenye ukanda wa chini. Ukiujaza maneno, unaivuruga kazi hiyo. Kwa hiyo barua ya nje jina lake nalipeleka mgongoni, juu ya kifuniko.

Au ligawe. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa zilikuwa na maandishi yenye vina, upande mmoja ukiitikia upande wa pili, hata ukisoma uso mmoja tu unabaki unasubiri. Baadhi yake zilisafiri mbali kweli: mwaka 1944 zilipatikana tano kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Hapo ndipo nilipopata wazo la ile bahasha ya Nachingwea. Nusu ya msemo mbele, nusu nyuma, na msomaji lazima aigeuze. Chagua msemo unaokatika vizuri: "Haba na haba" mbele, "hujaza kibaba" nyuma. "Penye nia" mbele, na nyuma kila mtu anajua.

Neno moja kuhusu vijembe. Kanga inaruhusiwa kumchoma jirani. Bahasha, kwa maoni yangu, haifai. Inapita kwa makarani, kwa mwenye sanduku, pengine kwa mwalimu mkuu wa shule inayopokea barua zake, na mlengwa hana nafasi ya kujibu kati ya hao wote. Maneno ya nje yawe ya kumheshimisha.

Rangi, na muhuri wa ndala

Kalamu za rangi, krayoni, rangi za maji, maka peni, vyote vinafanya kazi ukijua tabia zake. Rangi za maji zinalowa na kuchuruzika jasho la mkono linapogusa, hasa kwetu huku ambako hewa ya bahari ina unyevu mwaka mzima na mvua zinatanda kuanzia Desemba hadi Aprili. Maka peni inapenya upande wa pili, basi weka karatasi ndani unapochora. Krayoni ina nta, na wino wa muhuri haushiki kwenye nta, kwa hiyo isikaribie kona ya stempu.

Kuna rangi za bure pia. Chai ya rangi iliyokolea inaifanya karatasi nyeupe ionekane ya zamani. Hina iliyobaki baada ya harusi inachora maua ya kahawia yanayodumu. Maji ya bibo yanaacha doa ambalo kila mama wa kusini analijua, kwa sababu ameshalifua bila mafanikio. Dondosha kwa ncha ya kijiti, acha likauke kivulini, utaona linavyobadilika kuwa kahawia siku inayofuata. Ila tofautisha bibo na ganda la korosho mbichi: mafuta ya ganda yanaunguza ngozi, na hujui nani ataishika bahasha yako. Hayo yaache kabisa.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni muhuri wa kuchonga. Muhogo mbichi unafaa kwa kazi ya jioni moja: kata kipande, futa ule utomvu mweupe, acha dakika kumi uso ukauke, chonga. Kesho yake umesinyaa. Wa kudumu uchonge kwenye soli ya ndala iliyochakaa.

Fanya hivi. Osha soli, sugua upande laini kwa msasa uwe sawa. Chora picha yako kwenye karatasi kwa penseli laini, ukandamize. Igeuze uso chini juu ya soli, sugua mgongo wa karatasi kwa kucha au kijiko. Ukiifunua utakuta picha imehamia kwenye raba ikiwa kinyume, na ukigonga baadaye itatoka sawa. Hii inakuokoa hasa kwenye herufi, maana S au N ikichongwa moja kwa moja inatoka imepinduka. Shika wembe mpya uliofungwa tambara upande mmoja. Kata kwanza kwa kuulaza kidogo nje ya mstari, halafu kata mkato wa pili kutoka upande wa pili ukutane na wa kwanza chini, kina cha milimita tatu hivi. Kipande chembamba cha raba kinang'oka chenyewe kama uzi. Usichimbe kwa wembe ukiwa wima kabisa, kingo za picha zitakuwa dhaifu na baada ya kugonga mara ishirini zinamomonyoka. Geuza soli, usigeuze mkono. Mtoto asishike wembe. Yeye apewe kazi ya kugonga.

Gandisha muhuri kwenye kibao kidogo, ugonge juu ya pedi ya wino kwa kugusagusa, sio kukandamiza. Wa kwanza gonga kwenye gazeti. Wa pili utoe kwenye bahasha. Muhuri mmoja wa korosho, ukigongwa mfululizo, umeshapata pindo zima la kanga kwa dakika tano. Zungusha nusu kila hatua, zikae kichwa juu, kichwa chini.

Vitu vya kuacha: vumbi la kumetameta, vizibo vya soda, shanga, chochote kigumu kinachotokeza. Vinachana bahasha za wenzako ndani ya gunia. Uzi na kitambaa bandika vikiwa vimelala kabisa, gundi ikiwa imeshika mpaka kingo.

Nini cha kuchora

Kusini tuna utajiri ambao mtu wa mbali hajauona kwenye bahasha yoyote. Nianze na mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria, yule mnyama mkubwa wa kale. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa yake kwenye kilima kile cha Lindi, na watu wetu wakaibeba vichwani na mabegani mpaka bandarini, safari ya siku kadhaa kwa miguu, ndipo ikapakiwa melini kwenda Ujerumani. Leo mifupa hiyo imesimamishwa Berlin, urefu wa mita 13.27 kutoka sakafuni. Sijui mzigo mwingine uliotumwa kutoka Lindi wenye uzito kama huo moyoni mwangu. Mtu wa Ujerumani akinipa anwani, namchorea mjusi: mkia unaanzia mgongoni mwa bahasha, unazunguka ukingo wa kushoto, mwili unakaa chini ya jina la mtumaji, shingo inapanda na kichwa kinachungulia karibu na stempu bila kuigusa. Mara nyingi majibu yanakuja na swali moja: kumbe ametoka kwenu?

Pili, vinyago vya Wamakonde, vile vya ujamaa, watu wamepandana mabegani kama nguzo moja. Hapa ndipo wazo la Ray Johnson linapokutana na kwetu. Chora mtu mmoja tu chini kabisa ya ukanda wa kushoto. Ndani andika: "Ongeza mtu mmoja juu ya huyu, kisha mtumie mwingine bahasha hii ndani ya bahasha yako." Kila mpokeaji anaongeza mmoja, anasaini kwa udogo, anaipitisha. Ninayo iliyoanzia Mtwara, ikaenda Newala, Masasi, Ruangwa, ikarudi kwangu na watu saba. Wa tano amebeba ndoo. Aliyemchora alikuwa mtoto wa darasa la pili, na ndiye anayeonekana kushikilia wote.

Mengine yako machoni: majahazi ya Kilwa, milango ya Mikindani, pweza aliyeanikwa kwenye kamba, mikono ya mwanamke anayebangua korosho, nyavu, ukili wa mkeka. Ukili una faida ya pekee, kwani mistari yake iliyosukwa inajaza pindo bila kuhitaji ustadi wa kuchora.

Unaweza pia kuchora stempu zako mwenyewe za mapambo. Wasanii wa posta wanafanya hivyo sana. Ziweke kushoto au nyuma, mbali na kona ya kulia, na usiandike juu yake jina la nchi wala thamani ya fedha, zisije zikadhaniwa za kughushi. Stempu halali unanunua, na iliyokwisha kugongwa muhuri haitumiki tena hata kama inaonekana safi.

Anwani

Bahasha yangu ya tatu ilirudi baada ya miezi miwili. Nilikuwa nimeandika anwani kwa wino wa kijani ndani ya majani ya mnazi niliyoyachora kijani, nikaona inapendeza sana. Aliyeipanga huko njiani alizungushia alama ya kuuliza kwa kalamu nyekundu, akairudisha. Hakukosea. Tangu siku ile anwani naiandika kwa bolipeni nyeusi au ya bluu, herufi kubwa, nikimaliza namwita mtu asiyehusika asome akiwa amesimama hatua mbili mbali.

Kwa hapa nchini: jina la mpokeaji, kisha S.L.P. na namba, kisha mji. Ukijua msimbo wa posta uandike, una tarakimu tano. Ya Mtwara inaanzia 63 na ya Lindi 65. Wengi wetu hatuna sanduku letu wenyewe, tunatumia la shule, la ofisi au la msikiti. Andika "kupitia kwa" na jina la mwenye sanduku, na umwambie mapema kwamba kuna barua zitakuja zenye mapambo, asizidhanie matangazo akazitupa. Barua ya nje, mstari wa mwisho ni jina la nchi kwa Kiingereza au Kifaransa, herufi kubwa, peke yake.

Anwani yako wewe mtumaji iwe ndogo, juu kushoto au nyuma. Bila hiyo ile ya tatu isingerudi.

Ujanja mmoja wa msimu wa mvua: sugua mshumaa mweupe mara moja juu ya anwani iliyokauka. Maji yatateleza. Usifike kwenye kona ya stempu, na usifunike stempu kwa selotepu, maana muhuri unapaswa kugonga karatasi ya stempu yenyewe.

Ndani, na kaunta

Ndani weka barua. Bahasha nzuri yenye utupu ndani inamvunja mtu moyo. Karatasi moja inatosha: salamu, habari ya mvua, bei ya korosho ilivyo, na swali moja ambalo lazima ajibu. Usiweke noti za fedha. Usiweke mbegu, majani mabichi, korosho, kombe wala mchanga kwenye barua ya nje, kwa sababu nchi nyingi zina masharti ya afya ya mimea na ya viumbe wa baharini, na bahasha inaweza kuzuiwa. Ukitaka kumwonyesha kombe, lichore.

Nenda posta asubuhi, siyo dakika za kufunga. Mwachie karani apime, ulipe, kisha omba stempu ubandike mwenyewe, ukipendelea nyingi za thamani ndogo kuliko moja kubwa. Kwa hewa yetu stempu hujikunja na kushikana, zibebe ndani ya daftari. Omba kwa adabu kwamba muhuri ugongwe kwa mkono na usomeke: tarehe na jina la mji ni sehemu ya picha. Mimi husema, "Naomba muhuri wako uwe saini ya kumalizia." Sijawahi kukataliwa. Kama bahasha imekula siku tatu za kazi, ilipie rejista upate namba ya kuifuatilia. Ya mazoezi iende kawaida.

Piga picha pande zote mbili kabla hujaiachia, na andika kwenye daftari: tarehe, kwa nani, uzito, ulilipa kiasi gani. Baada ya bahasha kumi daftari hilo litakuambia mambo ambayo hakuna mtu wa kukuelekeza.

Huna wa kumwandikia? Anza na shangazi yako wa Liwale. Hakuna anayesahau bahasha ya kwanza. Kwa wa mbali upo mpango wa Postcrossing, ulioanzishwa na Mreno mmoja mwaka 2005, ambapo ukituma kadi kwa mtu usiyemjua, mwingine usiyemjua anakutumia wewe. Wapo pia wanaofanya maonyesho ya sanaa ya posta, na desturi yao inanigusa: hakuna kiingilio, hakuna anayekataliwa, kazi hazirudishwi, na kila aliyetuma anapewa kumbukumbu ya onyesho. Walimu nao wana tarehe ya kuwaandalia wanafunzi, 9 Oktoba, Siku ya Posta Duniani, kwa kukumbuka umoja ule ulioundwa Bern, Uswisi, mwaka 1874. Umoja huo umekuwa ukiendesha mashindano ya kimataifa ya kuandika barua tangu 1971, kwa watoto wa miaka 9 hadi 15.

Majibu yakija, usiichane bahasha kwa haraka. Kata kwa wembe upande mfupi wa kushoto, mbali na stempu na muhuri, uvute barua. Bahasha ilaze kwenye kopo la biskuti lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Fungua kopo mara moja kwa mwezi siku ya jua kali, uzitandaze kivulini saa moja, uzigeuze, uzirudishe. Zangu za kwanza hazikuwa na kopo. Zilikaa ukutani, na masika moja tu yalizitosha.